Ubao wa Tisa

Machoni pa Bi Odile, jirani yake anayetabiri vimbunga kwenye runinga ni watu wawili. Yule wa kwenye kioo hukunja mikono ya shati, hugonga ramani ya Louisiana iliyojaa wekundu, na sauti humpanda kila yanapokaribia matangazo ya biashara. Yule wa nyumbani huongea taratibu, na vidole vyake haviachi kuchezea funguo hata akiwa hana safari. Ijumaa jioni alirudi na poda ya studio bado shingoni, akamkuta Bi Odile juu ya ngazi, na bega lake bovu, akipigilia ubao wa tisa dirishani.

"Mbona wewe hujaziba madirisha yako?"

"Kimbunga kimegeukia Texas, Bi Odile. Tangu asubuhi."

"Sasa saa sita mchana ulikuwa unatutishia nini?"

Funguo zikanyamaza. "Nikisema kimegeuka, mnazima tivii."

Bi Odile akashuka, akamwekea nyundo mkononi, akaingia ndani. Yule bwana akapanda na suti yake, akang'oa misumari mmoja mmoja akiitia mfukoni, na kila kioo cha dirisha kilipofunuka na kumrudishia sura yake, akatazama pembeni.