Shangazi Hasindikizi Nusu Njia

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anafundisha Kiingereza katika nchi ambayo si ya Waingereza na si yetu. Ukimuuliza alifikaje huku atakwambia alipanda ndege, na mazungumzo yanaishia hapo. Sisi wa nyumbani tunajua zaidi. Alifundisha sekondari miaka mingi, akiwakaririsha watoto majibu ya mtihani, mpaka siku moja akaomba kazi ng'ambo bila kumwambia mtu. Safari aliitangaza kwenye kikao cha familia. Alingoja kwanza chakula kiletwe na kila mdomo ujae, ndipo akasema. Baba alipomaliza kumeza tonge, dada yake alikuwa ameshaaga.

Mimi nilimfuata mwaka jana, nije kumsalimia wiki mbili. Wiki hizo bado zinaendelea. Nyumbani nilikuwa nasomea diploma ya ufundi wa vifaa vya umeme, nikaiacha katikati. Mwaka wa kwanza wanakufundisha kufungua, wa pili kufunga. Ndiyo maana katika duka la kutengeneza simu ninakofanya kazi sasa, chini ya ngazi za kituo anachofundisha Shangazi, wananipa kazi ya kufungua tu.

Tunaishi ghorofa ya nne, chumba na sebule, kwenye jengo ambalo lifti yake ina tabia za binadamu: ikikuona na mizigo inajifanya mgonjwa. Mimi nalala sebuleni, kwenye kochi lililo fupi kuliko miguu yangu. Bafuni kuna bomba la mvua zuri tu, lakini Shangazi alinunua ndoo na kopo siku ya kwanza. "Yale ya juu yanakuogesha yanavyotaka yenyewe," anasema. "Ya kopo naoga ninavyotaka mimi." Akipiga simu nyumbani huongea kama anayeita mtu ng'ambo ya mto, mpaka jirani wa chini anagonga dari kwa fimbo ya ufagio. Hapo Shangazi humwambia mama, "Unamsikia jirani? Naye anakusalimu."

Watu wa jengo hili hawana mazoea ya kusalimiana kwenye ngazi. Shangazi hakujali. Salamu ndilo jambo pekee analolitamka vizuri katika lugha yao, na akawa anamgawia kila anayepita, atake asitake. Mzee wa mlango unaotazamana na wetu alimpita karibu mwaka mzima kama anavyoupita ubao wa matangazo. Kisha Shangazi akapata mafua, akajifungia ndani siku mbili. Siku ya tatu mlango ukagongwa. Mzee huyo, uso umekunjamana kwa hasira.

"Ulikuwa wapi?"

Tangu hapo wamekuwa chanda na pete. Akipika supu anatuletea bakuli, akituletea anabaki kuilalamikia chumvi.

Basi hivyo ndivyo alivyo Shangazi: akianza jambo, haachi mpaka na wewe ulianze. Na jambo lake kubwa ni kusindikiza watu.

Analo darasa la jioni, watu wazima wanaotoka kazini. Wiki yake ya kwanza, somo lilipokwisha, akafunga kitabu, akachukua mkoba, akatoka nao. Kwetu mtu akija kwako humwachi mlangoni, unampeleka. Wao hawakulijua hilo. Walipomwona mwalimu anashuka ngazi nyuma yao, kila mmoja akadhani anashukiwa wizi. Kinyozi, bwana mmoja mpana mwenye mikono laini inayonukia poda, aligeuza mifuko yake nje aonyeshe kwamba hana chaki. Mshonaji, mama ambaye sijawahi kumwona bila pini mbili tatu zilizosahaulika kwenye kola, alirudi juu kumuuliza Meneja wa kituo cha masomo kosa lao ni nini.

Shangazi akawafikisha kituo cha basi, akangoja basi, akapunga mkono, akarudi zake. Siku ya pili vilevile. Kidogo kidogo wakazoea. Walipozoea wakaanza kusema, na kwa kuwa kila mtu ana lugha ya nyumbani kwao, na Shangazi lugha ya nchi inamwishia kwenye salamu, wakasema kwa Kiingereza, cha kuokoteza, kimoja hapa kingine pale. Mshonaji akamweleza habari za bibi arusi aliyenenepa gauni likiwa mezani. Kinyozi akaeleza vichwa. Siku moja wakaona ni aibu Ticha kurudi peke yake, wakageuka nao, wakamleta mpaka mlangoni kwetu. Shangazi naye, kwa jinsi alivyo, akataka kuwarudisha kituoni.

"Shangazi, mtakesha!" nilimwambia.

"Nyamaza, baba. Umeshawahi kuona mimi nasindikiza nusu njia?"

Tatizo ni kwamba hayo yote yalikuwa ya njiani. Darasani watu wale wale walikuwa kimya kama viti walivyokalia. Kitabu kina picha ya familia inakunywa chai, baba ameshika gazeti. Shangazi akiuliza, "Baba anafanya nini?" Kinyozi humtazama yule baba kama anayetakiwa kumtolea ushahidi mahakamani. Anafungua mdomo, anatafakari, anaufunga.

Meneja, ambaye ni mama mwema anayeogopa wakubwa wake kuliko radi, akamwita Shangazi mwezi uliopita. Mkaguzi anakuja kutoka makao makuu. Atakaa darasani, atasikiliza wanafunzi wakizungumza, kisha ataamua kama mkataba wa Shangazi uongezwe. Na kibali cha Shangazi cha kuishi huku kimefungwa kwenye mkataba huo kama mkia kwenye ng'ombe: mmoja akichinjwa, mwingine haubaki ukipunga nzi. Changu mimi kimefungwa kwenye chake.

Jioni hiyo alikaa jikoni akimenya viazi, anamenya nene kama mtu ambaye hatavila.

"Ukikosa, si tutarudi nyumbani?" nikasema, kumchokoza. "Baba atafurahi. Ananingoja na neno moja tu, diploma."

Hakucheka. Akasema, "Nimefundisha watoto maisha yangu yote. Wakipata alama, wanasahau, wanapita barabarani hawanijui. Hawa wananisimulia vichwa vya watu." Akachukua kiazi kingine. "Nani atamsikiliza yule mshonaji, baba?"

Nikachukua kisu nami nikamenya. 

"Basi mwambie mkaguzi awasikilize njiani."

"Nimwambie mkubwa wa watu aje azurure na mimi kituo cha basi? Ukaguzi ni darasani. Nitawaandaa."

Akawaandaa, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Aliwatungia maswali na majibu, akawakaririsha kama wale watoto wa sekondari. Wakaja siku ya ukaguzi wamevaa vizuri, wametoka jasho, kila mtu anatembeza midomo kama anayesali. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, na Meneja hakutaka mkaguzi aone kiti kitupu, nikaburutwa mimi kutoka dukani, bisibisi bado mkononi, nikakalishwa nyuma kama mwanafunzi.

Mkaguzi alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sura, ameketi pembeni miguu imekunjwa. Shangazi akainua kitabu. "Baba anafanya nini?"

 Maji ya bomba yalisikika ghorofa ya chini.

"Mama je?"

Mshonaji akasimama, akatoa jibu la swali la tano. Akakaa. Kinyozi alipoitwa alisimama, akamtazama mkaguzi, akaketi tena bila kusema kitu, polepole, kama mtu anayeshuka kwenye maji baridi. Nikanyoosha mkono mimi, niiokoe familia. Shangazi akaniruka kama hanijui.

Somo lilipokwisha wakatoka, vichwa chini. Mkaguzi akabaki, na Meneja akijipangusa viganja.

"Nitasema ukweli," mkaguzi alimwambia Shangazi, bila ukali. "Unafundisha kwa moyo. Lakini hawazungumzi. Sijasikia sentensi moja ya kwao wenyewe. Siwezi kuandika kwamba wanazungumza."

"Asante kwa kuniambia mbele ya uso wangu," Shangazi akajibu. Akafuta ubao. Akachukua mkoba. "Gari umeegesha wapi?"

"Mbali kidogo, baada ya kituo cha basi. Lakini hakuna haja..."

"Haja ipo."

Nikamvuta kando, nikamsemesha kwa lugha yetu. "Shangazi, huyu mtu amekuzika sasa hivi. Unamsindikiza ya nini?"

"Amenizika, ndiyo. Lakini alikuja kwetu kwa miguu yake. Aondoke peke yake kama mwizi?"

Na uso wake haukuwa na hila hata chembe. Mimi ningekuwa nayo. Yeye alikuwa anamtoa mgeni, basi.

Chini ya ngazi darasa zima lilikuwa linamngoja, kama kawaida. Walipomwona anashuka na yule bwana, hawakuuliza. Mgeni wa Ticha ni mgeni. Tukaongozana wote, mkaguzi katikati anatazama kulia na kushoto kama anayekamatwa.

Hatukufika hata kwenye duka la dawa, Mshonaji akaanza. "Umetoka mbali?" Mbali, akasema mkaguzi. "Umekula?" Bado. "Mama yako yupo?" Yupo. "Anaishi na nani?" Mkaguzi akasita, akasema anaishi peke yake, na Mshonaji akatoa mguno ambao hauhitaji kufundishwa katika lugha yoyote. "Mpigie leo," akamwambia. "Si kesho. Leo."

"Nitampigia," akasema mkaguzi, kama mtoto.

Kinyozi alikuwa nyuma yao. Nilimwona muda wote ameganda na kisogo cha mkaguzi. Mara anakisogelea, mara anajizuia, anaingiza mikono mfukoni, anaitoa. Mwisho ikamshinda.

"Samahani. Nani amekunyoa?"

Mkaguzi akajishika kisogo. "Kwa nini?"

"Alikuwa na hasira. Na wewe, au na mtu mwingine?"

Kila mtu akasimama. Meneja, aliyekuwa anatufuata kwa mbali kama wa msibani, akaziba mdomo.

"Mke wangu," akasema mkaguzi.

Kinyozi akafikiri. Akamwekea mkono begani, taratibu.

"Basi muombe msamaha."

Mkaguzi alicheka mpaka akashika nguzo ya taa. Mshonaji akacheka, pini zikameremeta. Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Kinyozi wake vile mama anavyomtazama mtoto anayepiga hatua ya kwanza, anaogopa hata kupumua asije akamwangusha.

Tukafika kwenye gari. Mkaguzi akafungua mlango, lakini hakuingia. Akamgeukia Kinyozi. "Unaongea vizuri. Mbona kule hukusema?"

Kinyozi akaona haya, akatazama viatu vyake. "Kule watu wananitazama mdomo. Hapa wanatazama njia."

Mkaguzi akabaki ameshika mlango. Mshonaji, ambaye hajui kumwacha mtu na mawazo yake, akamwambia, "Sasa zamu yako."

"Zamu ya nini?"

"Kumrudisha Ticha. Yeye amekuleta. Huwezi kumwacha arudi peke yake."

Akamtazama Shangazi, akatazama gari, akafunga mlango. Tukageuka wote. Njia nzima ya kurudi aliulizwa maswali, na yeye akauliza, na hakuna aliyekumbuka jibu la swali la tano. Mlangoni kwetu mzee wa jirani alikuwa ametoka na takataka zake, akauona umati, akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia wanamsindikiza Shangazi. Akatikisa kichwa, akaweka takataka chini, akasimama nao.

Na Shangazi? Shangazi akatundika mkoba wake begani kwangu, akamwambia mkaguzi, "Haya, twende nikufikishe kwenye gari."

Niliketi kwenye ngazi na mkoba mapajani nikawangoja. Nilingoja sana.

Mkataba ukaongezwa mwaka mzima. Meneja mwenyewe alishuka dukani kunipa habari, akanikumbatia na simu ya mteja ikaanguka, ikafunguka. Shangazi aliposoma barua alikwenda bafuni, nikasikia ndoo inajaa, na kopo likagonga ukingo muda mrefu kuliko uchafu aliokuwa nao.

Ila makao makuu nao ni makao makuu. Walikipenda kile walichosimuliwa, wakakiingiza kwenye ratiba: "Matembezi ya Mazungumzo", mara mbili kwa wiki, mwalimu aongoze. Jumatatu ya kwanza Shangazi akawapanga, wakatoka. Wakazunguka jengo zima, wawili wawili, na hakuna aliyesema neno. Kinyozi alikuwa anatoka jasho tena. Mshonaji alitazama mbele kama askari wa gwaride. Niliwaona wakipita dirisha la duka, nikadhani kuna mazishi.

Walipofika tena mlangoni Shangazi akatazama saa yake, akatangaza, "Somo limekwisha."

Wakashusha pumzi wote. Kinyozi akajipangusa shingo. Kisha Shangazi akauliza, "Haya, nani anaelekea kituoni?" na hapo midomo ikafunguka yote kwa pamoja, wakaondoka wakipigiana kelele mtaa mzima, mpaka jirani wa chini, ambaye hata haishi mtaa huo, nadhani aliushika ufagio wake.