Siku Niliyomtazama Mkwe Golini

Kocha wetu wa mpira wa magongo alikuwa kocha kwa sababu mbili: alikuwa na filimbi, na alikuwa na bando la intaneti. Gongo lenyewe sikuwahi kumwona akilishika, isipokuwa kufukuzia mbuzi kiwanjani. Lakini kila alfajiri alitutumia kwenye grupu video za makipa wa Ulaya wanaodaka mipira huku taa zikiwaka na kuzimika mbele ya nyuso zao, na chini yake anaandika kwa herufi kubwa: JICHO NA MKONO. Kipa wa timu nilikuwa mimi. Kwa hiyo jicho lilikuwa langu, na mkono wangu.

Taa hatukuwa nazo. Tulikuwa na ndimu. Kocha anasimama nyuma ya ukuta wa choo cha shule, mimi namsubiri upande huu, naye anazirusha juu ya ukuta bila kusema lini. "Usifikiri!" anapiga kelele kutoka huko. "Ukifikiri umechelewa! Jicho lione, mkono uende!" Ndimu ya kwanza ilinipata puani. Ya pili nayo puani. Nikamwambia kocha, kwa adabu zote nilizobakiwa nazo, kwamba kule Ulaya hakuna kipa anayefundishwa na choo. Akanijibu kuwa nina mdomo mwepesi kuliko mikono.

Halafu akazua la nzi. Video moja ilisema kipa afuatilie vitu vidogo vinavyokwenda kasi, basi akanipeleka soko la samaki, penye meza ya shangazi yangu, nikae nidake nzi kwa mkono mmoja nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Wateja wakaanza kupita mbali. Shangazi akavumilia kidogo, kisha akachukua mwiko. "Mtoto wa watu wamemfanya nini, jamani? Ondoka hapa, unanifukuzia watu!" Kocha akaniambia nimeukwepa ule mwiko vizuri sana, mazoezi yameanza kuingia.

Na kweli yaliingia, ingawa inaniuma kumpa sifa mtu yule. Ikafika mahali kikombe kikiteleza mezani nakidaka kabla sijajua kimeteleza.

Wakati huo nilikuwa nimepeleka posa Mapinga. Mshenga alikwenda, akapokewa vizuri, akapewa chai na maandazi, akarudi na neno moja: tutawajibu. Jibu likawa haliji. Mchumba wangu akinipigia simu ananiambia baba yake hasemi kitu, anakaa tu barazani kimya. Nilikuwa silali vizuri. Nilimtaka binti yule kwa moyo wangu wote, na kila mshenga akikohoa mimi moyo unanipasuka.

Sasa, kwetu sisi mkwe hatazamwi. Ukikutana naye njiani unampisha, unaingia kwenye majani kama kuna majani, unavua kofia, unainamisha macho, unatoa shikamoo, unangoja apite. Mama alinifundisha hayo tangu sijui kufunga kamba za viatu. Hayo nayo ni mazoezi, tena ya miaka mingi, na hayakuhitaji ndimu.

Likaja bonanza la Zinga. Vijana wa Bagamoyo tucheze na wazee wa Mapinga, mshindi apate beberu. Nimevaa helmeti ya bodaboda, miguuni vipande vya godoro vilivyofungwa kwa mipira ya baiskeli, natazama wazee wanaingia kiwanjani. Astaghfirullah! Mkwe huyo, na gongo mkononi. Aliwahi kucheza ujanani, hilo nililisikia. Lakini hakuna aliyeniambia kwamba nitayaona magoti yake.

Nikaomba Mungu abaki nyuma huko huko. Hakubaki. Kipindi cha kwanza hakijaisha, mzee akaupata mpira, akauburuta taratibu, umegandana na gongo lake, mabeki wetu wakampisha kwa kumhurumia, na huyo ananijia moja kwa moja. "Jicho!" kocha anapiga kelele. "Mkono!" Mimi nikasogea pembeni. Nikavua helmeti, nikainamisha macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, akapita, na mpira ukaingia naye golini.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kocha alinitukana kwa lugha ambayo kwenye video zake haimo. Lakini mzee hakucheka. Alirudi akasimama mbele yangu, nikaona viatu vyake tu.

"Kijana, mimi ni wa kuachiwa?"

"Hapana, baba. Ni heshima tu."

"Umenidhalilisha mbele ya wenzangu. Nimpe binti yangu mtu wa kunihurumia?"

Akaondoka. Niliiona posa yangu inaondoka na viatu vile.

Tulisawazisha, na dakika za mwisho beki wetu akauzuia mpira kwa mguu kwenye mstari wa goli. Penalti. Mzee akasema ataipiga mwenyewe. Nikimwachia, namdhalilisha tena. Nikidaka, namuaibisha. "Usifikiri!" kocha analia nyuma ya goli, na mimi nafikiri mpaka kichwa kinauma.

Nikainua uso. Kwa mara ya kwanza nikamtazama mkwe wangu machoni.

Jicho moja lilikuwa jeupe lote, kama maji ya mchele. La pili ukungu ulikuwa umeanza. Mpira ulikuwa miguuni pake, naye anapapasa majani kwa gongo akiutafuta. Wenzake wanacheka, wanadhani anatutania. Alipougusa, akapiga, na mikono yake ilikuwa haijasahau: ukaja kwa kasi, pembeni kabisa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikadaka.

Kocha akaanza kukimbia kuzunguka kiwanja akitangaza habari za ndimu. Mzee alibaki pale pale, ameelekeza sikio golini. Nikamfuata, nikampa mpira kwa mikono miwili.

"Umeingia?" akauliza polepole.

"Hapana, baba. Nimeudaka."

Akaushika, akaugeuzageuza kwa vidole. Nilikuwa nimekwenda kwake mara ngapi, nimekaa barazani pale macho chini, na sikujua.

"Umeniangalia," akasema.

"Nimekuangalia, baba. Unisamehe."

"Nyumbani hawajui. Hili la pili nalo linakwenda." Akanishika bega, akaniegemea kidogo, wenzake wasione. "Mwambie mshenga aje kesho. Na harusi msiicheleweshe. Nataka nimwone mwanangu siku hiyo."