Mama Pindo na Gauni Lililosubiri

Alizaliwa mwanzoni mwa Kwaresima, katika chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu. Jina lake la ubatizo wengi wetu tulilisikia siku ya mazishi tu. Maisha yake yote aliitwa Mama Pindo, kwa kuwa hakushona gauni bila kuacha kitambaa cha ziada ndani ya mishono. "Mtu hunenepa, jamani," alikuwa akisema. "Msimbane."

Aliolewa na fundi cherehani, akafiwa mapema, akabaki na cherehani yake, binti mmoja, na cherehani ya pili ambayo marehemu alimwachia binti huyo. Wito ulimjia mlangoni: jirani aliyefukuzwa na mumewe, ana watoto wawili na hana hata ndoo. Mama Pindo akamfundisha kukata na kushona, kisha akamkopesha cherehani ya binti, ailipie kidogo kidogo. Hakumwuliza binti mwenyewe. Hapo alikosea, na tusimfichie, maana watakatifu nao ni watu. Binti alirudi akakuta meza tupu. "Umempa mtu baki kitu cha baba," alisema. "Haya, huyo ndiye mwanao." Akafungasha, akaenda zake.

Jirani alilipa hadi mwisho. Fedha ile ikanunua cherehani ya muuza mkaa, na malipo ya muuza mkaa yakanunua ya mfua nguo, mpaka chumba kikajaa wanawake na kelele zao. Lakini moyo wa Mama Pindo ulikuwa barabarani. Mlango ukigongwa tu, mkasi ulimtoka mkononi. Alikuwa na hamu ya kumwona mwanawe hadi mwili ukamuuma. Hamu hiyo ikaingia kazini bila yeye kujua: kila mwanafunzi alimfundisha kwa vipimo vya binti, kifua kile, kiuno kile. Magauni yote yakawa ya msichana mmoja mwembamba, yakabaki sokoni yananing'inia. Wanawake wakashindwa kulipa, cherehani zikakaribia kuuzwa.

Muuza mkaa, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akasema, "Mama, wateja wetu wamejaaliwa. Huyu unayemshonea ni nani?"

Wakaangua kicheko. Mama Pindo naye akacheka, kisha akalia kwa kwikwi, akawaeleza. Akachukua futi, akampima muuza mkaa, halafu wengine wote. Magauni yakafumuliwa, ile ziada ya ndani ikatosha, yakauzwa. Moja tu alilizuia. "Hilo liacheni. Atakuja."

Hakuja. Mama Pindo aliugua kifua, akaomba kitanda kigeuzwe kielekee mlangoni, akapokea sakramenti, akafa. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Akija, msimbane."

Kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka, mama mmoja mnene mwenye mvi alisimama mlangoni mwa kanisa, hathubutu kuingia. Jirani alimtambua, akamshika mkono mpaka nyumbani kwake, akamfunulia cherehani. "Ya baba yako. Nilikuwa nakutunzia tu." Kisha akaleta gauni lile. Lilikuwa dogo mno. Jirani akafumua mishono, akatoa kitambaa chote kilichofichwa ndani, akashona upya kwa cherehani ileile. Likamkaa sawasawa.

"Kumbe aliniachia nafasi," binti alisema, akakaa chini akalia.

Wengi huuliza muujiza wa Mama Pindo ni upi. Sisi tulioliona gauni lile hatuulizi. Atakaye kumwiga akopeshe, afundishe, amwulize kwanza mwenye mali. Na kila akatapo nguo, akumbuke yule aliyeondoka, ambaye hatujui atarudi na umbo gani.