Mchanga wa Chenga

Mwaka wa pili tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, kusini ya Kilwa, nilikuwa mwalimu mpya ambaye bado sijathibitishwa kazini. Mgeni rasmi alikuwa anakuja kufungua madarasa yetu. Ofisa aliyesimamia shughuli akataka tumwonyeshe utajiri wa bahari: tangi la kioo lenye samaki hai wa mwambani. Kioo kilipatikana, wavuvi wakaahidi samaki. Cha kutandika chini hakuna aliyekijua. Nikamtaja mama yangu.

Mama hakujua kusoma, lakini tangu utotoni alifukua chaza mwambani kila maji yalipokupwa. Alitoka alfajiri akarudi adhuhuri na vikapu viwili vya mchanga wa chenga, umechanganyika na vipande vya matumbawe na makombe. Akausuuza kwa maji ya bahari, ndoo baada ya ndoo, mpaka yakatoka safi.

"Kwa nini usichukue ule laini wa ufukweni?" nilimwuliza.

"Laini hukazana, mwanangu. Ukiuchimbua chini ni mweusi, unanuka. Huu maji yanapita ndani yake."

Ofisa alipouona akakunja uso.

"Mama, hiki ni kifusi. Tumwonyeshe mgeni rasmi kifusi?"

Akaamuru umwagwe, tangi litandikwe mchanga mweupe kutoka lundo la ujenzi. Ulikuwa unang'aa kweli.

"Bwana, pale mafundi wanachanganyia chokaa," mama alisema. "Itawaunguza samaki."

"Siku hizi hakuna bwana, Mama. Sema Ndugu."

Watu wakacheka. Mama akarudia, "Ndugu, itawaunguza." Mchanga mweupe ukatandikwa vivyo hivyo.

Asubuhi ya sherehe samaki wote walikuwa wakielea matumbo juu, macho yamefanya ukungu. Gari la mgeni lilikuwa limekwisha kuonekana barabarani. Ofisa akasema kwa sauti, ili viongozi wote wa kijiji wasikie, kwamba mama yule alileta mchanga mchafu. Kisha akanigeukia.

"Au siyo, Mwalimu?"

Mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo, amevaa kanga zake za Idi. Lundo lilikuwa pale pale, kila mtu analiona. Nikasema, "Ndiyo, Ndugu."

Hakunitazama. Aliinama akaokota vikapu vyake, akaenda zake kabla ngoma hazijaanza.

Nilithibitishwa kazini mwaka ule ule. Ofisa alipandishwa cheo akahamia Lindi. Mama aliendelea kunipikia, na nilipomwamkia shikamoo aliitika marahaba kama kawaida, lakini neno mwanangu sikulisikia tena kinywani mwake. Aliniita Mwalimu, hata mbele ya wageni, nao wakadhani ananiheshimu.

Miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa, nilimwomba radhi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, Mwalimu," akasema, akageukia ukutani.