Oksijeni Imegoma

Mume wangu wanamwita Fundi Hakai, na hawakumsingizia. Chai anainywa wima. Siku alipokuja kwetu kuposa alitoka nje mara tatu kusikiliza gari la mgeni mmoja lililokuwa na mlio asioupenda. Baba yangu akaniambia nimepata feni, si mume. Nimeishi na feni hiyo miaka kumi na tisa, na hata usingizini mguu wake bado unakanyaga klachi.

Jumatano ile hata mimi sikukaa. Baba alikuwa na wiki tatu hospitali kwa ajili ya mapafu, akipumulia mtungi. Daktari alisema akiweza kukaa bila mtungi mpaka saa saba mchana, tumchukue. Tumlete kwetu, kwenye chumba cha nyuma nilichokuwa nakifagia kwa mara ya nne. Gari la kumleta ni la kaka yangu, nalo lilikuwa gereji tangu jana: taa ya injini haizimi, linakunywa mafuta bila kushiba, likisimama kidogo linazimika. Mafundi wawili walishabadilisha plagi na pampu, taa ikazidi kumkodolea kaka macho.

Mume wangu alitoka asubuhi akisema, "Nampitia mzee kwanza, halafu gereji."

Saa tano na kitu ukaingia ujumbe wake: "Oksijeni imegoma kabisa. Tumeitoa. Mwambie kaka yako asihangaike tena."

Nilitoka mbio na ndala moja, ufagio mkononi. Sijui kwa nini nilikimbilia gereji badala ya hospitali. Labda kwa sababu ni mitaa miwili tu. Nikamkuta mume wangu kando ya gari, meno yote nje, ameshika kidude cheusi chenye mkia wa waya.

"Mama watoto! Oksijeni yenyewe hii hapa!"

Mafundi hawana subira na majina marefu. Kwenye bomba la moshi kuna kifaa kinachoonja moshi na kuiambia injini iongeze mafuta au ipunguze. Jina lake sensa ya oksijeni. Wao wanasema oksijeni, basi.

"Kipimo kilisema mafuta ni kidogo," akaendelea, hata uso wangu hajautazama. "Wenzangu wakakimbilia pampu. Mimi nikafungua plagi, nyeusi tii kwa masizi! Mafuta yamezidi! Sasa nani mwongo? Injini ikipata moto, namba za huyu kwenye kipimo zinatakiwa zirukeruke. Zimelala tu. Nikapuliza gesi kwenye njia ya hewa, injini ikabadili mlio, yeye kimya. Kumbe amekufa zamani, na kila siku anadai mafuta kido—"

Ufagio ulimpata begani.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Baba? Nimemwacha anagombana na nesi, anadai viatu vyake." Kisha akatoa simu, akausoma ule ujumbe wake kwa sauti, akaishia katikati. "Mke wangu, nisamehe."

Nikalia pale pale, mbele ya mafundi wote.

Saa saba baba alikaa kiti cha mbele akipumua mwenyewe, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi. Sensa mpya ilikuwa imefungwa, na taa haikuwaka. Mume wangu akamsimulia kisa chote, mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Ulilia sana, mwanangu?" akaniuliza.

"Sana, baba."

Nililia kweli. Ila sikuwaambia kwamba baada ya kuusoma ule ujumbe sikukimbia mara moja. Nilikaa chini, nikiwaza kwamba kesho sitaamka kwenda hospitali, na mwili wangu wote ukapumzika. Nilisikia raha. Ndipo nikakimbia.

Baba akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akaushika wangu. Nilimwachia aushike, nikatazama dirishani mpaka nyumbani.