Makala Inayokataa Mayi

Mi niko muntu wa hasira, na nikichoka natupa kazi katikati. Naanza na ile, juu musiseme ni asidi njo ilikuwa na kosa.

Nafanya kazi mu labo moja ya hapa Lubumbashi. Tunachukua makala, ule mukaa wa kupikia bukali, ugali wetu, tunaiunguza tena kwa moto mukali mpaka inafunguka vitundu vidogo vidogo, kisha tunailoweka mu asidi ya fluori, mu ndoo ya plastiki, maana kioo asidi ile inakula. Ikitoka pale, iko kintu kingine. Unaimwangia mayi, inakataa kunywa. Matone yanakaa juu yanatetemeka, na makala iko mukavu. Profesa anasema itasaidia batri. Mi inaniogopesha mpaka leo.

Asidi zingine zinachoma, unaruka. Ile ya fluori inaingia kimya. Unacheka na bantu, unakula, na yenyewe inashuka kutafuta mifupa. Njo maana tunaosha makala mara tano mbele ya kuikausha.

Siku ya posho moja, ni kusema Jumamosi, mayi ikakatika mu labo, na courant ya umeme nayo. Nilikuwa nimeosha mara tatu. Nikakasirika, nikaandika "tano" mu kaye, daftari ya kazi, nikafunga makala mu karatasi, nikaibeba ku nyumba, mu mutaa wa Hewa Bora, ikauke ku jua. Banasema njia ya muongo ni fupi. Ya kwangu ilikuwa fupi kweli.

Kesho yake, kisha misa, nikakuta mudogo wangu mwanamuke amekaa pembeni ya karatasi ile, na mimba yake ya miezi saba. Kwetu banamuke ba mimba banatafuna pemba, ule udongo mweupe wa soko. Yeye hamu yake ilikuwa makala. Meno yote meusi. Akanichekea.

"Yaya, makala yako ni ya ajabu. Haishike ku ulimi. Mate inaikimbia."

Nikamuuliza kama kuko fasi inamuuma. Akasema hapana, eko muzuri kabisa. Nikaangalia kinywa chake: hakuna hata kidonda. Kilio ningekijibu, kicheko kile kilinikausha damu. Akakamata mukono wangu, akauweka ku tumbo nisikie mutoto anapiga teke.

Nikamupeleka mbio ku hospitali. Munganga alisikiliza yote pole pole, mama yetu amesimama pale na rozari. Akaeleza: kama makala imeoshwa mara tano, haina tena kintu, mugonjwa atarudi ku nyumba. Kama hapana, aanze sasa hivi kumupa kalsiamu ku mishipa, maana asidi ile inafyonza kalsiamu ya damu, na moyo unasimama bila kuaga. Akaomba kaye. Nilikuwa nayo mu sakoshi, ku bega. Imeandikwa tano, kwa mukono wangu.

"Tatu," nikasema. "Niliosha mara tatu."

Mudogo wangu akaacha kucheka. Hakunitukana, heri angenitukana. Balimulaza siku mbili na sindano ku mukono, mi niko ku kiti, haya inanikula.

Mutoto alizaliwa muzima. Leo anatembea, ananiita mama mukubwa. Nikimupa kintu, hata ndizi, mama yake anaikamata yeye kwanza, bila hasira, anaendelea kunipigia habari ya soko. Anauma kipande. Anangoja. Mi nangoja naye, halafu anamupatia mutoto.