Mwende alimjibu Susu "nimeshiba", kumbe ni chawa walikuwa wanaongelewa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii ni ya nyumbani kwangu kabisa, chumvi sijaongeza. Ukianza kujikuna ukisoma, shauri yako.

Naishi mjini Mlolongo, kwetu mashambani ni Tala. Likizo ya August nilipeleka binti yangu Mwende, wa Grade One, kwa mama yangu. Sisi Wakamba nyanya tunamwita Susu. Huko alikuta binamu zake kutoka Masinga, wakawa wanalala wote kitanda kimoja.

Siku ya kumchukua, Susu aliona kitu kwa nywele zake. Akamwambia, "Mwende, uko na ndaa."

Mtoto wa Mlolongo, Kikamba hajui. Akajibu kwa heshima, "Hapana Susu, nimeshiba."

Ndaa ni chawa, wakuu. Yeye alisikia njaa.

Susu alicheka mpaka akashika mlango. Mimi nilikuwa ndani nafunga mizigo, nikasikia kicheko tu, nikadhani ni utani wao. Tukaondoka.

Shule zilipofunguliwa, jirani yake wa dawati akaona chawa akitembea kwa shingo ya Mwende. Darasa lote likajua. Mwende alirudi akilia, na kilichoniuma si chawa. Alisema, "Sirudi kwa Susu tena. Kwake ni kuchafu."

Mama yake alitaka tunyoe, yaishe. Lakini nywele zingemea tena. Niliogopa hilo neno "kuchafu" likikaa kwa mtoto, Susu atakuwa amempoteza mjukuu.

Jumapili tukitoka kanisani nikaweka stuli kwa balcony penye jua, nikamketisha kati ya magoti yangu, na conditioner na kitana cha meno membamba.

Hapo nikakumbuka mbali. Kwetu tulikuwa watoto watano. Jumapili mchana mama alitandika gunia nje, kila mtu na zamu yake kati ya magoti. Anafinya chawa kwa kucha za vidole gumba, tak, huku akikuuliza padre alihubiri nini. Ndiyo saa pekee ya wiki mama alikuwa wako peke yako. Kuna siku nilijikuna bure, nipate tu zamu. Nai-miss sana hilo gunia.

Basi nikamwonyesha Mwende chawa mmoja juu ya karatasi nyeupe.

"Unaona mabawa?"

"Hapana."

"Na haruki kama kiroboto. Anatembea tu. Hiyo miguu yake iko na kucha za kushika nywele. Mayai anayabandika na gundi yake mwenyewe, ndiyo maana hayatoki ukioga. Anakula damu kidogo kidogo. Akianguka kutoka kwa kichwa, hakai sana, anakufa."

"Kwa hivyo ndaa ako na njaa?"

"Kila saa."

Akacheka, mara ya kwanza tangu ile siku.

"Na anapenda watu wachafu?"

"Hachagui. Anavuka tu watu wakiweka vichwa pamoja, vile mlikuwa mnalala huko."

Akafikiria. "Na Susu, tulimwambukiza?"

Tukampigia, simu kwa speaker. Mama akacheka. "Mimi? Ndaa nitatoa wapi, na nalala peke yangu?"

Alisema kwa mzaha. Mimi nikaacha kuchana. Yule mama wa vichwa vitano, tangu tuhame na baba afariki, hana hata kimoja cha kushika.

Mwende akaniangalia. "Baba, ndaa wakiisha turudi. Nilale na Susu."

Tulichana na kuchana hadi wakaisha. Mid-term tukaenda. Nilitoka kununua sukari sokoni, na kurudi nikawakuta nje kwa gunia, kichwa cha Mwende kati ya magoti ya Susu. Chawa hakuna hata mmoja, Susu anatafuta tu, anamuuliza mwalimu alifundisha nini.

"Sasa ni zamu yangu," nikasema.

Wakuu, mimi nina upara. Nikakaa chini hivyo hivyo. Mama akanipapasa kichwa chote polepole.

"Hapa ndaa itateleza," akasema. Lakini mkono hakuutoa.

Nilichojifunza: mwelezee mtoto chawa anaishi vipi kabla darasa halijamweleza kwa kumcheka. Na kama mama yako yuko hai, nenda ukapapaswe kichwa.

Kwenu nani alikuwa anawatafuta chawa? Leteni hadithi. Wenye upara pia mko na nafasi.